Nilikata Mgongo wa Daftari la Mke Wangu

Mama mshauri mpendwa, utaniwia radhi nikianza na kuomba msaada kabla ya kukujulia hali, maana kwangu hali si hali, leo ni siku ya tano mke wangu hajakaa kwenye cherehani yake na aliyemtoa pale ni mimi, si kwa ngumi wala kwa matusi, Mungu apishe mbali, bali kwa mapenzi yangu ya teknolojia, na nakuomba usicheke mpaka umalize kusoma.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Natunza mitambo ya ofisi moja, kompyuta ikigoma naitwa mimi, printa ikitafuna karatasi naitwa mimi, na nikitoka kazini bado sijachoka na vitu hivyo, nyumbani nina simu janja mbili, saa inayonihesabia hatua, taa zinazowaka nikizisemesha, na kifaa cha kusomea vitabu chenye vitabu mia tatu na ushee, kila wiki namaliza kimoja, kila mwezi nachukua kozi moja ya mtandaoni, na nina ukurasa wangu ambako watu elfu nne wananifuata na kuniita Profesa, jina ambalo nakiri limenipanda kichwani. Mke wangu ni fundi cherehani. Ana chumba chake cha kazi upande wa mbele wa nyumba, meza ya kukatia, cherehani mbili, na mdogo wake wa kike, yaani shemeji yangu, anamsaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Tumeoana miaka kumi na moja, tuna watoto wawili, na katika miaka yote hiyo sijasikia mteja akirudisha nguo kwamba imembana.

Sasa wiki iliyopita niliwaahidi wafuasi wangu wiki nzima ya kidijitali, kila siku jambo moja, siku ya kifaa kipya, siku ya kozi, siku ya kitabu, na kilele chake kiwe Ijumaa nitakapoonyesha jinsi nilivyoigeuza kazi ya mke wangu kuwa ya kisasa, kwa sababu mke wangu, mama, alikuwa anatunza vipimo vya wateja wake kwenye daftari moja nene lililofura kama mkate, kila mteja na ukurasa wake, juu kuna kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea mteja huyo, amekibandika kwa gundi, chini yake namba za kifua, kiuno, nyonga na mkono, na pembeni vialama alivyovichora mwenyewe. Jina hakuna hata moja. Jumapili jioni nilikaa naye tukapitia ukurasa baada ya ukurasa, yeye anagusa kitambaa ananiambia huyu ni mama wa duka la dawa, huyu ni yule mwalimu mrefu, mimi natia namba kwenye kila ukurasa na kuandika majina kwenye simu, na alifurahi siku hiyo, alikuwa ananieleza mpaka mambo nisiyomuuliza, kwamba mstari wa kulala maana yake bega moja limeshuka, nusu mwezi ni mtu asiyependa nguo imshike tumbo, na vitone viwili ni mtu anayeishi peke yake kwa hiyo zipu asiiweke mgongoni, nani atamfungia. Nikamuuliza mbona huandiki majina, akasema, "Nikiona kitambaa namwona mtu." Nikaona ni maneno matamu, nikayarusha kwenye ukurasa wangu pamoja na picha yake, yakapendwa sana.

Aliponikabidhi daftari aliniambia neno moja tu, "Lirudi lilivyo." Nikamwambia usiwe na wasiwasi.

Jumatatu nikaenda nalo ofisini ambako tuna skana kubwa, lakini skana ile inataka karatasi moja moja, haitaki daftari, nikachukua wembe nikaukata mgongo wa daftari, karatasi zikaachana vizuri, kisha nikaona vile vitambaa vitakwama kwenye mashine, nikavibandua vyote, mia moja na arobaini na vitatu, nikavitia kwenye bahasha ya kaki, nikaskani kurasa zote kwa dakika sita, dakika sita mama, nilijiona bingwa, na halafu, kwa mazoea tu ya kazi yetu ambapo karatasi ikishaskaniwa hairudi mezani, nikazipitisha zote kwenye mashine ya kukatakata. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe. Jumanne nikatengeneza orodha kwa programu niliyojifunza kwenye kozi, majina kwa herufi kubwa na vipimo mbele yake, vile vialama sikuvitia kwa sababu niliviona ni mapambo, na Jumatano ilikuwa siku ya kitabu, nacho kitabu chenyewe, utaona jinsi dunia inavyoweza kumcheka mtu, kilihusu namna ya kuwasaidia watu wanaoogopa mabadiliko.

Alhamisi nikampa kishikwambi kipya, ndani kina wateja wake wote. Akasema asante. Akakitazama, akakiweka juu ya meza, akakifunika na kitambaa kama mtu anavyofunika chakula. Akauliza, "Na daftari langu?" Nikamjibu, "Limo humo humo, salama kabisa." Hakuuliza tena.

Ijumaa nikachukua ruhusa kazini, nikasimamisha simu kwenye kigoda, nikaanza kurusha mubashara kutoka chumba chake cha kazi, na bahati, au balaa, akaingia kiongozi wa kwaya na wenzake wawili, wanashonewa magauni kumi na manne ya onyesho la mwisho wa mwezi, wote ni wateja wa miaka mingi. Nikasema haya, ndiyo nafasi yenyewe, mama watoto, waonyeshe watu, mtafute dada hapa kwenye orodha yako. Akagusa kioo, majina yakapanda na kushuka. Nikasema basi soma tu jina la kwanza hapo juu. Akasema, "Macho yananiuma leo." Mimi nikacheka, nikachukua miwani niliyomnunulia mwaka jana, ile ya kuzuia mwanga wa vioo, kwa sababu kila mara alikuwa analalamikia macho, nikamvisha mimi mwenyewe mbele ya kamera nikasema, "Haya, Profesa ameshatibu macho, soma sasa." Akatazama kioo muda mrefu. Kiongozi wa kwaya, hana ubaya yule mama, akainama akasema, "Fundi, si hili hapa jina langu, limeandikwa kubwa?" Mke wangu akasema taratibu, "Baba watoto, zima hiyo kamera." Nami nikaona ni aibu ya kamera tu, nikaendelea, "Jina moja tu, mama, watu wanasubiri."

Shemeji akaweka pasi chini, akaja akakichukua kishikwambi mkononi mwa dada yake, akasoma jina, akasoma na la pili na la tatu, kwa sauti, huku ananitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mke wangu akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani, akaifunika cherehani na shuka lake, akaingia ndani.

Video niliifuta lakini watu mia mbili walikuwa wameshaiona. Nilimfuata shemeji nikamuuliza tangu lini, akaniambia, "Shemeji, wewe si ndiye msomi wa nyumba? Mama yetu alipougua ilibidi mtu mmoja abaki nyumbani. Akabaki yeye, akatoka shule darasa la pili. Mimi nimesoma kwa sababu yeye hakusoma, kwa hiyo kinachosomwa namsomea, na sijawahi kuona ni kazi." Naye kwa vile ameshaanza akamalizia kabisa, "Na zile meseji zako za uchumba nilizisoma mimi. Nyingine nilikuwa naruka katikati, ulikuwa unaandika mno."

Mama mshauri, sijui nikueleze vipi. Tangu siku hiyo vitu vinanirudia kimoja kimoja, kwamba kwenye simu yake kila mtu ana picha badala ya jina, kwamba ananitumia ujumbe wa sauti hata kama ni wa kuniambia nilete chumvi na mimi nilikuwa namtania mbele za watu kwamba mke wangu ni redio, kwamba karatasi za shule za watoto alikuwa ananiambia "soma wewe, wewe ndiye unayejua kusoma kwa madaha," na mimi nikivimba kichwa nasimama sebuleni nasoma kama mtangazaji. Upande mmoja naona haya. Upande wa pili nina hasira, nisiseme uongo, miaka kumi na moja mtu analala pembeni yangu na hajaniambia, na majibu yale matamu ya uchumba yaliandikwa na shemeji, sasa mimi nilimchumbia nani?

Tunazungumza ya lazima tu, chakula kipo, mtoto ana homa. Juzi nikamwomba arudi kazini, nikamwambia kuna magauni ya watu, akanijibu, "Ulipokuwa hujui, nilikuwa fundi. Sasa umejua, nimekuwa nani?" Nikatoka. Amemwambia shemeji kwamba vitambaa vya kwaya virudishwe, na kwamba hatashona tena, na namjua, hasemi kitu asichokitenda.

Swali langu ni hili. Nimepata programu nzuri sana ya kufundisha watu wazima kusoma, ina picha na sauti na mtu akifaulu inampigia makofi, nimeshaiweka kwenye simu yake lakini sijamwambia, je, nianzeje kumfundisha bila kumkwaza? Au kwanza tuzungumze suala la kunificha? Bahasha ya vitambaa iko kwenye mkoba wangu wa kazini, naogopa hata kuifungua. Naomba pia barua hii itoke gazetini tu, isisomwe kwenye kipindi chako cha redio, maana mke wangu husikiliza redio mchana kutwa.

Ni mimi,
Profesa asiye na darasa

JIBU LA MAMA MSHAURI

Mwanangu Profesa,

Nimemaliza kusoma na sijacheka, isipokuwa hapo kwa shemeji yako kuruka meseji. Yule ni mtu wa maana, mheshimu.

Nianze na swali lako ili tulimalize. Unaniuliza umfundishe vipi mkeo kusoma. Nani amekuambia anataka kujifunza? Amekuomba? Umemwekea programu kwenye simu yake bila kumwambia, siku tano tu baada ya kumwekea nyingine iliyomwaibisha mbele ya watu mia mbili. Baba, una ugonjwa. Kila ukiona mtu anaumia mkono wako unakwenda kwenye vifaa. Kabla hujaendelea na mstari unaofuata, nenda kaitoe programu hiyo. Mwanamke anayewatengenezea watu wazima nguo za kuwakaa sawasawa hahitaji simu ya kumpigia makofi.

Umerudi? Haya.

Kwamba unaona haya, ni vizuri, na nakuonea huruma kweli, kwa sababu naona hukudhamiria ubaya hata mara moja. Ulitaka kumwinua mkeo. Tatizo ni kwamba ulitaka kumwinua mbele ya kamera, na juu ya kigoda chako wewe. Alikuambia macho yanamuuma, ukamvisha miwani. Alikuambia zima, hukuzima. Hukuhitaji kujua kama anasoma au hasomi ili uelewe neno "zima." Kulipuuza ombi hilo la kamera ndilo kosa lako kubwa, kuliko hata daftari, na ndilo utakaloanza kuliombea radhi.

Hasira yako nayo sitaifunika. Miaka kumi na moja ni mingi na una haki ya kuumia, angekuambia ingekuwa heri kwenu wote wawili. Lakini hebu jiweke kwenye kiti chake. Mume anahesabu vitabu kama mtu anavyohesabu kuku wake, anamtania mbele za watu kwamba ni redio, anaitwa Profesa na anaitika. Ungekuwa wewe, ungechagua jioni ipi ya kumwambia? Maumivu yako utamweleza, lakini siku nyingine, si katika kikao kimoja na kuomba radhi. Ukiyachanganya atasikia lile moja tu la kwamba alikosea yeye.

Na usiniulize ulimchumbia nani, hilo ni swali la mtu anayejionea huruma. Shemeji yako alikopesha kidole. Maneno ya mapenzi hayakutoka kwake, maana mtu anayeruka katikati ya meseji zako hawezi kukutungia majibu matamu. Aliyekaa akakuwazia ni mkeo.

Sasa daftari. Wewe ni mpenzi wa ubunifu, basi nikuonyeshe ubunifu uliokuwa unalala nao nyumba moja. Mtu aliyeachia shule darasa la pili amejitungia mwenyewe njia ya kutunza watu mia moja na arobaini na watatu bila kumkosea hata mmoja. Kitambaa ni jina. Vialama ni mwili wa mtu, na tabia yake, na hata upweke wake. Vile vitone viwili, mwanangu, nimevifikiria tangu juzi. Mimi nimefiwa na mume, naishi peke yangu, na nina gauni zuri la zipu ya mgongoni ambalo silivai. Hakuna fundi aliyewahi kufikiri kuniuliza. Wewe ukaviona vitone hivyo ukasema ni mapambo.

Kwa hiyo utafanya hivi. Picha za kurasa ulizoskani unazo, na vialama vyake vimo. Zichapishe zote, kwenye karatasi nzito, kwa ukubwa uleule wa daftari. Usizipange upya, usiongeze majina, usiweke jedwali. Zishone kwa uzi, kama hujui muulize shemeji. Nunua gundi. Kisha uchukue hiyo bahasha unayoiogopa, uende kwenye chumba cha kazi mchana, simu zako zote mbili ziache chumbani, na hiyo saa ya hatua uivue. Kaa kwenye kile kigoda ulichosimamishia kamera, mweleze ulichokifanya kwa wembe na kwa mashine ya kukatakata, maana kwa barua yako naona hajui bado kwamba daftari limekwisha. Anadhani liko salama mahali fulani, kwa sababu wewe ulimwambia hivyo. Mwambie. Hapo atalia au atakufukuza, na vyote viwili ni halali yake. Ukifukuzwa, acha bahasha mezani na urudi kesho yake.

Atakapokuwa tayari, ataimwaga bahasha hiyo mezani na kuanza kukuambia kitambaa kipi kinakwenda ukurasa gani. Kazi yako ni kupaka gundi. Usiseme "kumbe." Usimsifie kwamba ana kumbukumbu ya ajabu kama vile unamsifia mtoto. Ukikosea ukurasa atakurekebisha, na wewe utasema "naam, fundi," kwa sababu alikuuliza amekuwa nani, nawe ukatoka bila kumjibu, na jibu ni hilo hilo neno moja alilokuwa nalo kabla hujalikata daftari lake. Anzeni na wale kumi na wanne wa kwaya, mwisho wa mwezi si mbali.

Video ya kuomba radhi usirushe. Najua ulishaifikiria. Wafuasi wako waambie umepumzika, na upumzike kweli.

Kama siku moja atataka kujua kusoma, atasema mwenyewe, na atamchagua mwalimu mwenyewe, na yaelekea hatakuwa wewe. Asipotaka, endelea kusoma karatasi za shule za watoto, ila punguza madaha.

Limebaki moja. Umeniomba barua hii itoke gazetini tu, isisomwe redioni. Nimekubali na sitaisoma. Lakini naona ulichokifanya, mwanangu. Umekwenda kuieleza siri ya mkeo mahali pekee unapojua hawezi kuipata. Umemfungia nje kwa mara ya pili, safari hii ukijua. Kwa hiyo likunje gazeti hili, nenda nalo nyumbani, kaa naye, umsomee barua yako na jibu langu, kuanzia kichwa cha habari. Soma polepole, kwa sauti yako ya kawaida. Ukifika kwenye miwani, usiruke.

Na akiwa na la kunijibu, anitumie ujumbe wa sauti kwenye namba iliyo chini ya ukurasa huu, shemeji yako atamsomea. Wewe utoke nje akiwa anasema.